Walimu wa Miaka Miwili

Saa nane usiku, tarehe 14 Oktoba 1960, John F. Kennedy alifika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, akiwa hoi kwa kampeni za urais. Alitaka kitanda. Akakuta maelfu ya wanafunzi bado wanamsubiri nje, naye hakuwa na hotuba mfukoni. Alisimama kwenye ngazi, akazungumza dakika chache tu, na katika dakika hizo akawauliza: wangapi kati yenu mnaosomea udaktari mko tayari kwenda kufanya kazi Ghana? Wangapi, mafundi na wahandisi, mtakubali kuitumikia nchi yenu mkiwa ughaibuni? Wanafunzi hawakuliacha swali liishie pale kwenye ngazi. Walizungusha karatasi za kukusanya saini, na tarehe 1 Machi 1961, Kennedy akiwa keshaingia Ikulu, akatia saini amri iliyounda Peace Corps, shirika la serikali la kupeleka Wamarekani wa kujitolea ng'ambo.

Aliwaulizia madaktari na wahandisi. Waliojitokeza kwa wingi walikuwa vijana wa miaka 22 au 23 wenye shahada za historia, fasihi na sayansi ya siasa, ambao hawajawahi kudunga mtu sindano wala kujenga daraja. Sasa uwafanyeje watu hao? Serikali za nchi zilizokuwa zikipata uhuru zilikuwa na madarasa yasiyo na walimu, na lugha ya madarasa hayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa Kiingereza. Vijana wale walikuwa na kitu kimoja walichozaliwa nacho, ambacho hawakukitolea jasho. Basi wakawa walimu.

Ndivyo kazi hii ilivyozaliwa, na ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kuwasifu au kuwalaumu. Mwalimu wa Kiingereza wa kujitolea, yule anayeshika chaki kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa kilomita maelfu kutoka kwao, hakubuniwa na wataalamu wa elimu waliokaa na kutafakari jinsi lugha inavyofundishwa. Alitokana na hesabu rahisi: huku kuna pengo, kule kuna vijana.

Waingereza walikuwa wametangulia kidogo. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la kujitolea la VSO, na watu wao wa kwanza walikuwa wadogo zaidi hata kuliko Wamarekani: vijana wa miaka 18 waliotoka tu sekondari, wakisubiri kuingia chuo kikuu. Walipelekwa Sarawak, Nigeria, Ghana na kwingineko. Mvulana ambaye miezi michache nyuma alikuwa akipiga foleni ya uji katika shule ya bweni huko Uingereza alijikuta akiitwa mwalimu na watu waliomzidi umri. Kuanzia mwaka 1962 VSO ikaanza kupeleka pia wahitimu wa vyuo vikuu.

Lakini mwaka wenyewe hasa ni 1961, na sehemu kubwa ya habari yake ilitokea Kampala. Mwezi Januari mwaka huo, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miongo mitatu baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, mwanaisimu Robert Phillipson alizichambua imani tano ambazo, kwa maoni yake, zilipewa nguvu na mkutano ule: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akianza mapema zaidi ndiyo bora zaidi, kwamba kadiri vipindi vinavyokuwa vingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika, Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano potofu.

Ya pili ndiyo iliyowapa vijana wale tiketi ya ndege. Kama mwalimu bora ni aliyezaliwa na lugha, basi mhitimu wa historia kutoka Massachusetts anamzidi mwalimu wa Kiafrika aliyesota miaka miwili chuo cha ualimu. Wala haikuhitaji kusemwa waziwazi. Na kejeli yake ni kwamba mkutano ulifanyika mahali ambapo mwanafunzi mmoja wa shahada ya Kiingereza aliitwa James Ngugi, mzawa wa Limuru, ambaye wasomaji wa leo wanamjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Baadaye mwaka huohuo walianza kuwasili Makerere walimu wa mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ulioratibiwa kwa upande wa Marekani na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York. Hawa hawakuwa watu wa kujitolea kwa maana kamili, maana walikuwa na mishahara, na wengi walipitia mafunzo ya ualimu kabla ya kupangiwa sekondari za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Peace Corps nayo iliiweka Tanganyika katika orodha yake ya mwanzo kabisa, ingawa kundi la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walimu walifuata. Huko Ghana ilikuwa kinyume: tarehe 30 Agosti 1961 ndege ilitua Accra ikiwa na walimu wapatao hamsini, wakapanga mstari uwanjani na kuimba wimbo kwa lugha ya Kitwi mbele ya wenyeji waliokuja kuwapokea. Walikuwa wamejifunza maneno yake kabla ya safari. Picha nzuri ya kuanzia, na yeyote aliyeibuni alijua kazi yake.

Wiki sita baadaye mambo yaliharibika Nigeria.

Margery Michelmore alikuwa na umri wa miaka 23, mhitimu wa Chuo cha Smith mwenye alama za juu, aliyepata mafunzo ya wiki kadhaa Harvard kisha akaletwa na wenzake Chuo Kikuu cha Ibadan kumalizia maandalizi ya kwenda kufundisha sekondari. Mwezi Oktoba aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake wa kiume huko Marekani. Alianza kwa kusema mji unavutia. Kisha akaeleza kwamba pamoja na mafunzo yote, hawakuwa wameandaliwa kwa hali duni waliyoikuta, mjini na mashambani. Kwamba watu wote isipokuwa wao wanaishi barabarani, wanapika barabarani, wanauza barabarani, na hata haja wanajisaidia hapohapo.

Kadi ya posta haina bahasha. Hii haikufika hata posta: ilidondoka, mtu akaiokota, akaisoma, na kabla ya muda mrefu nakala zake zilikuwa zimesambazwa katika mabweni ya wanafunzi. Wanafunzi wa Ibadan walifanya mkutano wa hasira, wakaiita Peace Corps chombo cha ukoloni mamboleo, wakataka Wamarekani waondoke. Habari ikavuka bahari ikawa kichwa cha habari Marekani, na waliokuwa wakiupinga mpango tangu mwanzo wakapata cha kucheka. Michelmore aliomba radhi, akarudi kwao. Kennedy mwenyewe alimwandikia ujumbe wa kumtia moyo.

Ni rahisi kumwona kama msichana mjinga, na hakuwa mjinga. Alichoandika kuhusu mapishi na biashara za barabarani kilikuwa kweli, na mtu yeyote wa Ibadan angeweza kukisema. Kosa lilikuwa kwa nani anasema, na yuko pale kwa kazi gani. Wasomaji wa kadi ile walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, kizazi kilichokuwa kikijiandaa kuiongoza nchi iliyopata uhuru mwaka mmoja tu nyuma. Wauzaji wale wa barabarani walikuwa mama zao na shangazi zao, na fedha za karo nyingi zilitoka kwenye sinia zile. Mgeni aliyekuja kuwafundisha alikuwa amewatazama watu wale wiki chache akaona uchafu, hakuona duka. Wenzake waliobaki walikwenda kufundisha kama ilivyopangwa, na kwa miaka mingi tangu hapo wanaojiandaa kwa Peace Corps wamesimuliwa kisa cha kadi ile.

Ugumu wenyewe wa kazi, hata hivyo, hauko kwenye kadi. Uko darasani, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Chukua Kidato cha Kwanza katika shule ya kata, Tanzania. Wanafunzi wametoka shule ya msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Sasa, ndani ya likizo moja, jiografia imegeuka Kiingereza, baiolojia imegeuka Kiingereza, hesabu imegeuka Kiingereza. Zipo wiki za kozi ya awali ya lugha, kisha mtaala unaendelea na safari yake. Mwalimu mgeni anaingia na chaki mbili mkononi. Darasa zima linasimama na kumwamkia kwa sauti moja. Wanafunzi ni wengi kuliko madawati. Watatu wanabanana panapotosha wawili. Mgeni anaeleza zoezi kwa furaha na mikono mingi, kisha anauliza kama wameelewa. Ndiyo, mwalimu! Jibu linatoka kwa nguvu kiasi kwamba mtu angeapa limetoka moyoni.

Kipindi kinakwisha, kiongozi wa darasa anakusanya madaftari na kuyapeleka ofisi ya walimu yakiwa rundo. Mgeni anafungua la kwanza. Maswali yote matano yamenakiliwa kwa hati safi, tarehe imepigiwa mstari kwa rula ya chuma, nafasi ya alama imeachwa pembeni. Majibu hakuna. La pili vilevile. Katika la tatu mwanafunzi amenakili hata tahajia mbovu iliyomponyoka mwalimu ubaoni. Lile jibu la darasani lilikuwa adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima, tena mgeni, kwamba hajasikia hata neno moja.

Kwenye meza ya jirani ameketi mwalimu mwenyeji, mwenye azimio lake la kazi na andalio la somo vilivyopangwa kwa ajili ya mthibiti ubora atakayekuja bila taarifa. Yeye akifika mahali pagumu anatoka kwenye Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili dakika mbili, anatupia na mzaha, kisha anarudi kwenye Kiingereza. Sera inasema asifanye hivyo. Kila aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la sekondari nchini anajua kwamba hufanyika kila siku, na watafiti wameliandika mara nyingi. Mgeni hawezi kufanya hivyo hata akitaka, mpaka ajue Kiswahili. Kwa hiyo anayekuja kufundisha Kiingereza anahitaji Kiswahili ili afae, na ile imani ya kwanza ya Makerere inaangukia hapo, mbele ya rundo la madaftari.

Kuna pengo jingine ambalo wageni wengi hawalitarajii: hawaijui sarufi ya lugha yao. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii, na kila darasa linaye, atanyanyua mkono kuuliza kwa nini sentensi moja ina wakati uliopita na nyingine ina wakati timilifu, ilhali tukio ni lilelile. Mgeni anajua ipi ni sahihi. Hajui kwa nini. Hakuwahi kufundishwa kanuni hiyo, alinyonya lugha pamoja na maziwa. Mwalimu mwenyeji, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, anaitaja kanuni kwa jina lake, anatoa mifano miwili na kuonya juu ya kosa analojua litatokea, kwa kuwa aliwahi kulifanya yeye mwenyewe.

Na kisha kuna mtihani. Wageni hupenda michezo ya lugha, nyimbo na maigizo, na mbinu hizo zina thamani yake kwa mtoto ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kufungua mdomo kwa Kiingereza bila kuchekwa. Ila mwanafunzi wa Kidato cha Nne ana mtihani wa taifa mbele yake. Atacheza mchezo wa mgeni kwa heshima zote, kengele ikilia atakwenda kutafuta notisi na maswali ya miaka iliyopita kwa mwalimu mwingine. Mgeni mwerevu hugundua hilo mapema na kuanza kuyatumia maswali yale kama uwanja wa kuchezea. Asiye mwerevu huandika kwao kwamba wanafunzi hawana ubunifu.

Je, mafunzo yangesaidia? Yapo. Mwaka 1962, John Haycraft, aliyekuwa ameendesha shule ya Kiingereza na mkewe Brita huko Córdoba, Hispania, alianzisha London kozi fupi ya wiki mbili ya kuwafundisha watu jinsi ya kufundisha Kiingereza. Wazo lilionekana la kihuni kwa walimu wa kweli waliosoma miaka, lakini lilienea. Mrithi wake wa leo ni cheti cha CELTA, kinachochukua wiki nne hivi za kukaa darasani kutwa, saa 120, huku mwanafunzi akifundisha kwa saa 6 akiwa anatazamwa na kusahihishwa. Saa sita ni chache. Bado ni nyingi kuliko sifuri, na sifuri ndiyo idadi ambayo wengi wa waliofunga safari wameanza nayo.

Peace Corps ilichukua njia nyingine: muda. Mtu wake hupata takriban miezi mitatu ya mafunzo nchini, akiishi na familia ya wenyeji, akijifunza lugha kwa saa nyingi kila siku, ndipo apelekwe kituoni kwa miaka miwili. Nchini Tanzania wengi wamepitia hatua hiyo katika mikoa ya Tanga na Morogoro, wakiogea ndoo na kupigizana kelele na watoto wa mwenye nyumba juu ya ngeli za Kiswahili. Miaka miwili ina mantiki yake. Mwaka wa kwanza mgeni anajifunza kazi kwa gharama ya wanafunzi; mwaka wa pili anaanza kulipa deni.

Hata hivyo nchi yenyewe inaweza kubadili mawazo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikashika nafasi yake kama lugha ya kufundishia shule za msingi zote. Wamarekani waliokuwa wakifundisha madarasa ya juu ya shule hizo walijikuta katika nchi iliyokuwa ikiuliza, kwa haki kabisa, kwa nini watoto wake wafundishwe na wageni wa kupita. Vita vya Vietnam vilizidi kuchafua uhusiano na Washington. Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka Tanzania, ikarudi miaka kumi baadaye.

Wengine waliondolewa mmoja mmoja. Mwandishi Paul Theroux alifika Nyasaland na Peace Corps mwaka 1963, kabla haijaitwa Malawi, akafundisha Kiingereza katika chuo cha Soche Hill karibu na Blantyre. Mwaka 1965 alifukuzwa nchini baada ya kujiingiza katika mambo ya wapinzani wa Waziri Mkuu Banda, na Peace Corps nayo ikamwacha. Akahamia Makerere kufundisha. Mwaka 1967, katika jarida la Transition la Kampala, alichapisha makala kali iliyomfananisha Mzungu wa ughaibuni na Tarzan, mfalme wa msituni asiye na sifa yoyote zaidi ya rangi yake. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyekuja mwenyewe kwa tiketi hiyohiyo, na hilo ndilo lililoyapa makali.

Kisa chenye mengi zaidi ya kujifunza kilianzia magharibi mwa Kenya. Mwaka 1985, ule ambao Kenya ilianzisha mfumo wa elimu wa 8-4-4, kijana aliyehitimu Harvard aitwaye Michael Kremer alikwenda kufundisha kwa kujitolea katika Shule ya Sekondari ya Eshisiru, Kakamega. Shule nyingi za wakati ule zilijengwa kwa harambee. Wazazi walitoa matofali na mabati, na baada ya jengo kusimama tatizo likawa kumpata wa kuingia ndani yake na chaki. Kremer alikaa mwaka mmoja. Mwaka 1986 aliasisi shirika la WorldTeach, lililoanza kwa kupeleka walimu wa kujitolea Kenya na baadaye likaenea hadi nchi kama Namibia, Ecuador na Visiwa vya Marshall, wengi wa watu wake wakifundisha Kiingereza.

Angeweza kuishia hapo na kuandika kumbukumbu. Badala yake akawa mchumi, na katika miaka ya 1990 akarudi magharibi mwa Kenya na swali la kitoto: hivi vitu tunavyozipa shule, vinasaidia? Shirika moja la Kiholanzi lilikuwa likigawa misaada kwa shule za msingi za Busia na Teso. Kremer na wenzake wakashauri kwamba, kwa kuwa haiwezekani kuzipa shule zote 100 vitabu mara moja, ichaguliwe kwa bahati nasibu ni zipi zianze, kisha zilinganishwe na zile zinazosubiri.

Kila mtu alitarajia vitabu vingepandisha alama. Mtoto anayechangia kitabu kimoja na wenzake wanne, ukimpa chake, atafanya vizuri, nani angebisha? Matokeo yalionyesha kwamba kwa wastani alama hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu waliyoieleza watafiti, Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin, katika makala yao ya mwaka 2009, ingemfanya mwalimu yeyote wa Busia aguse paji la uso: vitabu vile rasmi viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa pale Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Hawakuweza kuvisoma. Mtaala ulitungwa kwa kumfikiria mtoto wa mjini ambaye nyumbani kwao kuna gazeti mezani.

Utafiti mwingine wa Kremer na Edward Miguel katika shule 75 za Busia ulionyesha kwamba kuwapa wanafunzi dawa za minyoo kulipunguza utoro kwa karibu robo. Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na magazeti ya Kenya yakakimbilia Kakamega kuulizia habari zake.

Kremer si kipimo cha watu wa kujitolea. Wengi hawakushinda Nobel wala hawakuitaka. Ila kisa chake kinaonyesha faida ilielekea wapi. Mwaka mmoja wa kijana asiye na uzoefu ulimpa kijana mwenyewe shule ya maisha. Darasa lake la 1985 lilipata nini hasa, hakuna aliyefanya bahati nasibu ya kulipima.

Tangu miaka ile soko limegeuka. Zipo kampuni zinazowapeleka vijana wa Ulaya na Marekani kufundisha Kiingereza kwa wiki mbili, nne au nane, na anayelipa ni kijana mwenyewe au wazazi wake. Moshi na Arusha ni vituo vikubwa vya biashara hiyo, kwa sababu zinazoeleweka: mlima uko pale, mbuga ziko pale, uwanja wa ndege uko katikati. Jumatatu hadi Alhamisi darasa, Ijumaa safari. Kwa sheria za Tanzania mtu huyo anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho huwahusu pia wanafunzi na watafiti, na gharama zake huingia kwenye bei ya kifurushi.

Tatizo la wiki mbili halihitaji falsafa. Kila mgeni mpya huanza na anachokimudu: rangi, wanyama, viungo vya mwili. Anafundisha wimbo wa kichwa na mabega, watoto wanauimba vizuri ajabu, naye anadhani wamejifunza haraka. Wameuimba na aliyemtangulia, na aliyemtangulia huyo pia. Katika vituo vya watoto yatima hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtoto anayeachwa na mlezi mpya kila mwezi anajeruhika, na fedha za wageni zimewahi kuwa sababu ya vituo kuwatafuta watoto ambao wana wazazi. Imeripotiwa sana Nepal na Kambodia. Mzazi wa Kitanzania asingekubali mtu asiye na cheti, asiyejua lugha, na ambaye hakuna aliyeangalia rekodi yake, aingie darasani kwa mwanawe katika shule ya kulipia. Shule isiyo na uwezo hukubali, kwa kuwa mgeni huja na rangi za ukutani na ahadi ya tangi la maji.

Wakati huohuo, bila kamera nyingi, walimu wa Afrika Mashariki nao walianza kuvuka mipaka. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Oktoba 2008 baraza lake la mawaziri likaamua kwamba elimu itoke kwenye Kifaransa iende kwenye Kiingereza. Maelfu ya walimu waliosomea Kifaransa walitakiwa kufundisha kwa lugha ambayo wengine hawakuweza hata kuagizia chai. Waliokuja kuwashika mkono shuleni kama washauri walitoka kwa wingi Uganda na Kenya, watu waliojua jinsi inavyokuwa kujifunza lugha hii ukubwani, ubaoni, kwa kanuni. Wao walilipwa. Na VSO, iliyoanza na wavulana wa Kiingereza wa miaka 18, ikaanza kuandikisha watu wa kujitolea Kenya, Uganda na Ufilipino, walimu wenye uzoefu, na kuwapeleka nchi nyingine za Kusini.

Kwenye soko la ajira la Asia, ile imani ya pili ya Makerere bado ina mhuri. Korea Kusini hutoa visa ya walimu wa lugha iitwayo E-2, na kwa Kiingereza imewekewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sharti la elimu ni shahada ya kwanza ya fani yoyote. Mhitimu wa jiolojia kutoka Ohio, ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa, anaweza kuiomba kesho. Mwalimu Mkenya mwenye shahada ya ualimu wa Kiingereza, namba ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na miaka kumi ya kusahihisha insha za Kidato cha Nne hayumo katika orodha hiyo.